Mpiga Nduru Asilipishwe: Hadithi ya Kuku, Homa na Nani Anabeba Hasara

Kila mtu aliyepitia darasa la Kiswahili hapa Kenya anaijua hii methali: mficha maradhi, kilio humfichua. Tumeiandikia insha, tumeipigia mstari, tumepewa alama. Lakini sikumbuki mwalimu hata mmoja akituuliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: huyo mtu anaficha kwa nini?

Hebu chukua mama mmoja wa kufikirika, tuseme anaishi Busia ama Kakamega. Ana kuku 40. Asubuhi moja anapata watano wamekufa. Kufika jioni wamekuwa 12. Sasa ana njia mbili. Ya kwanza ni kumpigia simu afisa wa mifugo. Akipiga, inawezekana watu waje na ovaroli nyeupe, waue wale 28 waliobaki, soko la karibu lifungwe na majirani wote wamwangalie kwa jicho baya. Ya pili ni kuwafunga miguu wale ambao bado wanasimama, awaweke kwa tenga na kuwapandisha basi la usiku la Nairobi kabla hawajaanza kuzubaa. Njia ya kwanza inamwacha mikono mitupu. Ya pili inamwachia karo.

Wewe ungefanya nini? Usinijibu kama daktari. Nijibu kama mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya fees.

Nimekuwa nikisoma historia ya homa zinazotoka kwa wanyama, na kadiri ninavyozidi kusoma ndivyo naona jambo moja likijirudia. Vita dhidi ya hizi homa haviamuliwi kwa chumba cha wagonjwa mahututi. Vinaamuliwa mapema sana, shambani ama sokoni, siku ile mtu wa kwanza anaamua kusema ama kunyamaza. Na uamuzi wake unategemea hesabu rahisi: nikipiga nduru, nani atalipa hasara? Mahali ambapo jibu lilikuwa "tutabeba pamoja", watu waliokoka. Mahali ambapo jibu lilikuwa "utajijua", mambo yaliharibika.

Wacha nikuonyeshe.

Sayansi kidogo, usikimbie

Virusi vya homa ya mafua, lile kundi linaloitwa influenza A, nyumbani kwao ni ndege wa majini. Bata mwitu anaweza kuvibeba tumboni na asiugue kabisa. Anaruka nchi hadi nchi, anatua kwa ziwa, anaacha kinyesi chake, anaendelea na safari. Shida inaanza vikiingia kwa kuku, ambao wamefugwa wengi mahali pamoja. Hapo vinaweza kubadilika kuwa kali na kufagia banda zima kwa siku chache.

Hatari ya pili ni kuchanganyika. Virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya mnyama mmoja, mfano nguruwe, vinaweza kubadilishana vipande vya jeni kama watoto wanaobadilishana sare. Kinachotoka pale ni kitu kipya ambacho miili yetu haijawahi kukiona. Homa kubwa ya 1957 na ile ya 1968 zilitokana na virusi vya binadamu vilivyochukua vipande kutoka kwa virusi vya ndege. Ile ya 2009 ilitoka kwa nguruwe.

Kwa hivyo homa ya ndege si habari ya ndege peke yake. Ni habari yetu ambayo bado haijatufikia.

1918: Kariokor, na nchi iliyosema ukweli

Ukipita Kariokor, Nairobi, kumbuka hilo jina linatoka wapi. Ni Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wetu walilitamka walivyoweza na likabaki. Maelfu na maelfu ya hao wapagazi walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa, si kwa risasi.

Halafu vita vikiwa vinaelekea kuisha mwaka 1918, homa ikaja. Iliingia kwa bandari ya Mombasa, ikapanda reli kwenda bara, ikaenda vijijini na watu waliokuwa wanarudi makwao. Watafiti waliopekua rekodi za kikoloni wanakadiria kwamba iliua watu kama 150,000 katika hii nchi. Dunia nzima wanakadiriwa kuwa karibu milioni 50. Sisi tunajua majina ya majenerali wa hiyo vita, lakini homa iliyoua watu wengi zaidi ya vita vyenyewe haijatajwa kwenye vitabu vyetu vya shule zaidi ya mstari mmoja, ukibahatika.

Kwa nini watu hawakuonywa? Sababu moja ni kwamba nchi zilizokuwa vitani zilikagua magazeti. Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani hazikutaka adui ajue wanajeshi wao wanalala chali kwa homa. Uhispania haikuwa vitani. Magazeti yake yaliandika wazi kwamba watu wanaugua, hata Mfalme Alfonso wa 13 alipougua. Na thawabu yake ilikuwa nini? Ugonjwa ukaitwa "homa ya Kihispania". Zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunaiita hivyo, ilhali hakuna ushahidi kwamba ilianzia huko.

Soma hapo tena. Nchi iliyosema ndiyo iliyobandikwa jina la ugonjwa. Zilizonyamaza zikatoka bila doa. Hilo ndilo somo ambalo serikali nyingi duniani zilibeba nyumbani: ukitaka heshima, funga mdomo.

1997: Mji uliochinja kuku wake wote

Sasa ruka hadi Hong Kong, mwaka 1997. Huo ndio mwaka Uingereza iliurudisha mji huo kwa China, tarehe 1 Julai. Kamera zote za dunia zilikuwa zinaangalia bendera. Wachache walikuwa wanaangalia kuku.

Mwezi Machi mwaka huo, kuku walianza kufa kwa mashamba kadhaa ya Hong Kong. Walikufa kwa maelfu. Ilikuwa homa ya ndege aina ya H5N1. Wakati huo wanasayansi waliamini aina hiyo ni ya ndege tu, haiwezi kumshika mtu moja kwa moja. Mwezi Mei mtoto wa miaka mitatu akaugua na kufa hospitalini. Maabara ya pale ilijua ni mafua, ila haikuweza kujua ni aina gani, kwa hivyo sampuli zikatumwa ng'ambo. Jibu lilitoka mwezi Agosti: H5N1. Ilikuwa mara ya kwanza kujulikana kwamba imemshika mtu.

Wanasayansi wengine hawakuamini. Walifikiri labda sampuli imechafuka maabara. Ilibidi mtaalamu kutoka Uholanzi asafiri hadi Hong Kong kuhakikisha. Hakupata uchafu wowote. Ilikuwa kweli.

Kisha kukawa kimya. Miezi ikapita hakuna mgonjwa mwingine, watu wakaanza kupumua. Mwezi Novemba wagonjwa wakaanza kurudi, na Desemba wakaongezeka. Mwishowe walikuwa 18, na sita kati yao walikufa. Mmoja kati ya watatu, na wengine hawakuwa wazee wala wagonjwa wa siku nyingi.

Hapa ndipo mtu mmoja anaingia, Kennedy Shortridge, profesa kutoka Australia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Hong Kong. Huyu mzee tangu miaka ya 1970 alikuwa anazunguka masoko akichukua sampuli kwa bata, kuku na nguruwe, akisema homa kubwa ijayo inaweza kutokea sehemu hii ya dunia. Miaka 20 ya kukusanya kinyesi cha bata. Fikiria kazi kama hiyo, hakuna sherehe, hakuna anayekupigia makofi. Lakini siku ilipofika, wataalamu walijua waende wapi: sokoni. Wakapima kuku wanaouzwa wakiwa hai, na wakakuta karibu mmoja kati ya watano ana H5N1.

Elewa maana yake. Kuku hao walikuwa wanauzwa kwa mama wa nyumbani kila asubuhi. Watu wa Hong Kong, kama watu wetu wengi, wanapenda kuchagua kuku akiwa hai, achinjwe wakiona. Mji mzima ulikuwa unapitia kwa hayo masoko.

Mkurugenzi wa afya wakati huo alikuwa Margaret Chan, ambaye baadaye aliongoza Shirika la Afya Duniani, WHO. Mwanzoni alijaribu kutuliza watu kwa kusema yeye mwenyewe bado anakula kuku, na watu wakamcheka sana. Lakini mwishoni mwa Desemba serikali ilifanya uamuzi ambao hakuna aliyeutegemea: ua kuku wote. Wote. Mashamba kama 160, vibanda zaidi ya 1,000. Kati ya milioni 1.3 na 1.5 ya ndege, ndani ya siku chache.

Usidhani ilikuwa kazi safi. Wafanyakazi wengi hawakuwahi kuchinja kuku maishani. Mifuko ya mizoga ilikaa barabarani, mbwa na panya wakaivamia. Magazeti ya dunia yaliona kama kichekesho. Ila angalia matokeo: baada ya ule mchinjo, wagonjwa wapya walikoma.

Sasa swali langu ni lile lile. Wale wafugaji na wachuuzi walikubali vipi? Ni kweli polisi wapo na amri ni amri. Lakini kuku ni mdogo. Kuku anafichika chini ya kitanda. Mji ukitaka kuficha kuku 100,000 unaweza. Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba serikali ilitoa fidia kwa kila ndege. Haikuwa tajiri ya kumfanya mtu ajenge ghorofa, na wengine walilalamika kwamba haitoshi. Lakini ujumbe ulikuwa wazi: hasara hii si yako peke yako.

Na hawakuishia hapo. Masoko yalifungwa hadi Februari 1998. Yalipofunguliwa, kuku kutoka China bara walipimwa kwanza kabla ya kuingia. Bata na batabukini wakatenganishwa na kuku, kwa sababu wale wa majini ndio hubeba virusi kimyakimya. Mwaka 2001 wakaweka siku ya mapumziko kila mwezi: vibanda vyote vinamaliza kuku, vinaoshwa na kukauka, virusi vikose mahali pa kulala. Mwaka 2008 wakakataza kuku hai kulala sokoni usiku. Na waliokubali kurudisha leseni na kuacha biashara kabisa walilipwa. Kila sheria mpya ilikuja na bahasha yake.

Virusi vyenyewe havikuisha. Vilikuwa tayari kwa ndege wa eneo zima, na kuanzia mwisho wa 2003 vikasambaa Asia, kisha Ulaya na Afrika. Lakini mwaka ule wa 1997, mji mmoja ulisimama mlangoni ukaikataza homa isipite kwa watu wake. Na haukutumia chanjo. Ulitumia maabara, ufagio na kitabu cha hundi.

2009: Cairo, ama vile hupaswi kufanya

Usije ukatoka hapa ukifikiri somo ni "ua wanyama haraka". Hapana. Angalia Misri, miaka 12 baadaye.

Mwezi Aprili 2009 kulikuwa na ile homa mpya iliyoitwa ya nguruwe. Ilikuwa imeanza Mexico na Marekani. Misri haikuwa na mgonjwa hata mmoja. WHO na wataalamu wa mifugo walisema wazi kwamba sasa inasambaa kutoka mtu kwa mtu, kuua nguruwe hakutasaidia. Serikali ikaamuru nguruwe wote wa nchi wauawe, karibu 300,000.

Nguruwe hao walikuwa wa nani? Wengi wao walikuwa wa Zabbaleen, jamii ya wakusanya taka wa Cairo, wengi wao Wakristo wa Koptiki katika nchi ya Waislamu wengi. Kwa miongo mingi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakichukua taka. Mabaki ya chakula yalilisha nguruwe, plastiki na chuma viliuzwa. Mji mkubwa ulikuwa unasafishwa na watu ambao mji wenyewe uliwadharau. Walipoona nguruwe wao wanachukuliwa kwa fidia kidogo, walipambana na polisi mitaani.

Homa iliingia Misri mwezi Juni na kusambaa kama kawaida, kwa ndege za abiria. Nguruwe hawakuwa na hatia. Na kwa sababu hakukuwa na mnyama wa kula mabaki, wakusanya taka wakaacha kuyachukua, na taka ikarundikana kwa mitaa ya Cairo. Wakati huo wote Misri ilikuwa na homa ya ndege halisi, H5N1, iliyokuwa ikiua watu tangu 2006. Hiyo ilihitaji watu maskini wenye kuku juu ya paa waiamini serikali na kuripoti. Wewe fikiria: ukiwa jirani ya Zabbaleen na umeona walichofanyiwa, kuku wako wakianza kufa utaita nani?

Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Aliyetia sahihi ile amri hakuwa na nguruwe.

2007: Jakarta, na mchezo wa matajiri

Hii hesabu ya nani analipa haiko kwa wafugaji peke yao. Hata nchi hufanya hivyo.

Indonesia ilikuwa moja ya nchi zilizoumizwa sana na H5N1. Ilikuwa inatuma sampuli kwa mtandao wa WHO kama inavyotakiwa, ili dunia ijue virusi vinabadilika vipi. Halafu ikagundua kwamba kampuni ya nje inatumia virusi kutoka Indonesia kutengeneza chanjo, chanjo ambayo Waindonesia wangelazimika kununua kwa bei ya soko, kama wangeipata kabisa. Waziri wa afya, Siti Fadilah Supari, akasema basi. Mapema 2007 Indonesia ikaacha kutuma sampuli.

Nchi tajiri zilimpigia kelele kwamba anahatarisha dunia. Na kwa kweli ilikuwa hatari, siwezi kuidanganya. Usipoona virusi vikibadilika, unatembea gizani. Lakini hoja yake haikuwa ya kipuuzi: mnataka niwape onyo bure, kisha mniuzie kinga?

Ugomvi huo ulichukua miaka. Mwaka 2011 nchi wanachama wa WHO zilikubaliana mfumo mpya wa virusi vya homa: kampuni zinazonufaika na sampuli lazima zichangie kitu, zikiwemo chanjo na dawa kwa nchi zinazohitaji. Haukuwa mkataba kamili, lakini kwa mara ya kwanza kanuni iliandikwa kwamba anayetoa habari anastahili kupata faida.

Je, tulijifunza? Sisi sote tunakumbuka Novemba 2021. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waligundua aina mpya ya korona, ile ya Omicron, na wakaiambia dunia mara moja. Kazi safi kabisa. Siku hizo hizo nchi za Ulaya, Marekani na nyingine zikafunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika, hata kutoka nchi ambazo hazikuwa zimeripoti mgonjwa yeyote. Watalii wakakata safari za Desemba. Uhispania ya 1918, toleo jipya.

Na sisi?

Kenya haijawahi kutangaza mlipuko wa H5N1. Hiyo ni baraka, lakini isitulevye. Maziwa yetu ya Bonde la Ufa yako kwenye njia ya ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika. Na Januari 2017 Uganda ilitangaza homa ya ndege aina ya H5N8 kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, halafu kwa kuku. Uganda ilisema wazi na mapema. Jibu letu la kwanza lilikuwa kupiga marufuku kuku wa Uganda. Ninaelewa tahadhari, na ningekuwa waziri labda ningefanya vivyo hivyo kwa siku za kwanza. Lakini wachuuzi wa Busia, pande zote mbili za mpaka, walijifunza nini? Kwamba habari ya ugonjwa ni habari ya kufungiwa biashara.

Kabla ya hapo, mwaka 2005 na 2006, hatukuwa hata na ugonjwa. Ulikuwa umefika Nigeria, Misri na Sudan, na hofu peke yake ikatosha kuwafanya Wakenya wakatae kuku. Wafugaji wakabaki na ndege wasionunuliwa na chakula cha kuwalisha kila siku. Hakuna virusi, hasara kamili.

Ongeza hapo jambo ambalo kila mtu wa ushago analijua: kuku wetu hufa sana. Kuna kideri, ule ugonjwa unaofagia boma zima kila msimu. Kwa macho, kideri na homa ya ndege vinafanana mno. Kwa hivyo siku ile mbaya ikifika, yule mama wa kuku 40 hataona chochote kigeni. Ataona kideri kama cha mwaka jana, na atafanya alichofanya mwaka jana. Hana sababu ya kupiga simu, labda tumpe.

Najua utaniambia serikali haina doo. Pia utaniambia Wakenya ni wajanja, ukiwalipa kuku waliokufa watakufia kuku hadi wale wa jirani. Hoja ya pili ina majibu na si ya kubahatisha. Wataalamu wa fidia hushauri ulipe kwa ndege walio hai wakati wa kuripoti, karibu na bei ya soko, na usilipe ama ulipe kidogo sana kwa waliokwisha kufa. Hapo anayechelewa anapoteza mwenyewe, anayewahi anapata. Na ulipe haraka. Fidia ya miezi minane si fidia, ni matanga. Nchi ambayo mama mboga anapokea pesa kwa simu kabla hajamaliza kufunga sukuma haiwezi kutuambia kulipa mfugaji ni jambo gumu.

Kuhusu pesa, linganisha tu. Upande mmoja, bei ya kuku wa kijiji kimoja. Upande wa pili, 2020: shule zimefungwa miezi mingi, kafyu, kazi zimeisha, watu wamerudi ushago. Tulilipa ile bili. Tuliilipa bila kuulizwa na tukalipa kwa riba.

Na sio kwamba tuko bure. Kenya ina kitengo kinachounganisha watu wa afya ya binadamu na watu wa mifugo kwa magonjwa kama haya. Kuna maabara za KEMRI na za mifugo, kuna ILRI pale Nairobi, kuna wanasayansi wetu wanaopima sampuli kila wiki. Mlolongo upo. Kiungo dhaifu ni kile cha kwanza kabisa, kati ya banda la kuku na simu.

Kwa nini nakuandikia wewe

Kwa sababu hii homa haijalala. Tangu 2021 H5N1 imeua ndege wa porini kwa idadi kubwa mno, na imefika hadi kwa sili wa Amerika Kusini. Mwaka 2024 iligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Marekani, kitu ambacho wengi hawakutarajia. Na huko, nchi tajiri kuliko zote, tatizo limekuwa lile lile: wafanyakazi wengi wa mashamba ya maziwa ni wahamiaji, wanaoogopa kupimwa kwa sababu ya kazi zao na makaratasi yao. Kwa sasa virusi hivi haviambukizani kirahisi kati ya watu. Hiyo "kwa sasa" ndiyo muda tulio nao.

Kwa hivyo mambo ni machache. Ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja, ziwani ama bandani, usiwashike kwa mikono mitupu, usiwale, usiwauze, na umwambie afisa wa mifugo wa wadi yenu. Ukiona mtu anacheka mfugaji aliyeripoti ama anamtaja kama aliyeleta ugonjwa, mkanye, kwa sababu hilo jicho baya ndilo linalofunga midomo. Na mwanasiasa akija kwenu kuomba kura na kofia na leso, muulize swali moja la bajeti: kuku wetu wakichinjwa ili taifa lipone, tunalipwa shilingi ngapi kila kuku, na zinaingia baada ya siku ngapi? Akikosa jibu, ujue kaunti yenu haijajiandaa, hata kama hospitali imepakwa rangi mpya.

Wahenga walisema mwenye kuficha ataumbuliwa na kilio. Hawakusema kilio kitakuwa cha nani. Mwaka 1918 kilikuwa cha watu ambao hawakuficha chochote, watu waliokuwa wanarudi nyumbani kutoka vita visivyokuwa vyao.

Sasa niambie: kwenu, kuku wakianza kufa, huwa mnapigia nani simu?